Siku Tulipomtaja Mwanaidi Redioni

Wajukuu zangu mliokwisha kuvaa sare nyeupe, na nyinyi ambao mnaisubiri, nipeni masikio kidogo. Sitawachosha. Nikiwachosha, sinzieni tu. Wagonjwa wangu wengi walisinzia nikiwapa nasaha na bado walipona.

Juzi mjukuu wangu Rehema, ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, alikuja likizo. Kila alasiri alikaa barazani na simu yake akisoma kozi ya mtandaoni: namna ya kuzungumza na mgonjwa ambaye kabila lake, dini yake na mila zake si zako. Mwalimu yuko nchi sijui ipi, wanafunzi wako kila mahali, nyuso zao zimepangwa kwenye kioo, ndogondogo kama stempu. Nikamuuliza, "Hao wote wanakusikia?" Akasema, "Nikitaka tu, bibi. Nisipotaka nabonyeza hapa." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Akaniuliza kulikoni. Nikaanza kumsimulia, na kabla sijafika katikati akaniletea daftari na kalamu.

Mimi naitwa Somoe. Nimezaliwa Rutamba, kwa mkulima wa korosho na mihogo, Mmwera. Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka thelathini na ushee, mingi yake katika hospitali ya wilaya huko Kilwa. Kati ya hiyo, kama minane hivi nilifundisha wenzangu kuzungumza na wagonjwa. Niliwafundisha wakiwa mbali, siwaoni nao hawanioni, kwa redio kol.

Wengi wenu hamjaiona. Ni kisanduku cha chuma, chini ya meza kuna betri ya gari, juu ya bati kuna paneli ya jua, na waya mrefu umetandazwa nje kati ya nguzo mbili. Unabonyeza kinasa sauti, unasema, unamaliza kwa "ova," unaachia, na mwenzako anajibu. Mmoja akisema, wengine wote wanasikiliza, watake wasitake. Sauti inatoka kwenye spika, na ukiipunguza sana husikii chochote kwa mikwaruzo, kwa hiyo hakuna aliyeipunguza.

Redio hizo zililetwa na mradi wa wafadhili, miaka ile ya soko huria, maduka yalipoanza kujaa vitu na malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kuingia vijijini kufuata korosho. Hospitali ilikuwa na gari moja na mafuta ya kubahatisha, kwa hiyo redio ilikuwa neema. Fundi aliyezifunga alitupa majina ya mimea tusije tukachanganyikana. Hospitali ikaitwa Mnazi, zahanati zikaitwa Ufuta, Muhogo, Mtama, Mbaazi, na kadhalika, saba kwa jumla. Muuguzi aliyepewa Choroko alinung'unika miaka mitatu akitaka abadilishiwe, na hakubadilishiwa.

Mafunzo yalianza kwa sababu ya vijana kutoka bara. Serikali ilituletea wauguzi na matabibu wa Mwanza, Moshi, Bukoba, vijana wazuri, Kiswahili chao safi cha shule kuliko hiki changu. Ajabu ni kwamba wagonjwa walikuwa hawawaambii kitu. Kijana mmoja tabibu, mtoto wa Mwanza, alimpokea mzee mmoja hivi: "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za nyumbani?" "Salama." "Sasa umekuja kufanya nini?" Mzee akachukua fimbo yake akaondoka. Tabibu akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa ni mzima. Mzee yule alikuwa na ngiri iliyojisokota. Tulimpasua baada ya siku mbili, na alipozinduka nikamuuliza habari, akaniambia, "Salama, ila tumbo."

Mganga Mkuu wa Wilaya akaniita. "Somoe, wewe ni wa huku. Wafundishe hawa watoto." Nikamuuliza nitawafikiaje, akanionyesha kisanduku. Basi kila Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana, nikawa nakaa na kinasa sauti kwa nusu saa, na huko kwenye zahanati saba vijana wanasikiliza na daftari zao.

Niliwafundisha kuingojea hiyo "ila." Huku kwetu mtu anaweza kuwa amefiwa na ukimsalimu atakujibu njema, kwa sababu salamu ni salamu. Ukiwa na subira, ukauliza mvua, ukauliza mikorosho imechanua vipi, "ila" itakuja yenyewe. Niliwafundisha pia kwamba koti jeupe haliongezi umri. Kulikuwa na tabibu wa miaka ishirini na tano aliyekaa akisubiri shikamoo ya bibi wa miaka sabini, na bibi naye anasubiri yake, wakatazamana mpaka sindano ikapoa.

Na utani. Huo ulinipa kazi kubwa. Muuguzi mmoja alifiwa na mgonjwa, ndugu wanalia, mara akaingia mwanamume anacheka, akajilaza kwenye kitanda cha marehemu, akasema haondoki mpaka apewe kuku. Muuguzi akamtoa kwa ufagio. Kumbe ni mtani wa familia, ametembea tangu alfajiri kuja kufanya kazi yake, maana huku wafiwa huanza kutulia mtani akishawachekesha. Ilibidi yule muuguzi aende kuomba radhi, na mtani akamtoza kuku wawili.

Haya sikuyazua mimi. Mengi nilifundwa na mhudumu mmoja wa wodi, mzee wa Kimwera aliyekuwa akipiga deki wakati sisi tunapita na mafaili. Aliniambia siku moja, akiwa bado ameinama, "Binti, ukimuuliza mtu akiwa amelala na wewe umesimama, anaona unataka kwenda. Atakwambia la haraka haraka. Vuta kigoda." Nimevuta vigoda maisha yangu yote. Hata nyinyi mnaosoma kwa simu, mwulizeni mwalimu wenu kama anajua habari za kigoda.

Sasa, redio zile kwenye zahanati zilifungwa karibu na dirisha, na nje ya dirisha ndipo lilipo benchi la wagonjwa. Kwa hiyo darasa langu lilikuwa na wanafunzi saba kwenye daftari na labda mia kwenye mabenchi. Watu walianza kuja Jumanne hata wasioumwa. Siku moja nafundisha namna ya kumuuliza mtu mzima habari za choo, mara sauti nyingine ikaingia. Mzee mmoja wa kwenye benchi alikuwa amemnyang'anya tabibu kinasa sauti. "Somoe, nakujua, baba yako nilikuwa namnyoa mimi. Mwambie huyu kijana kwanza aniulize nimekula nini. Ndiyo aje kwenye hayo mengine. Ova." Alijua hata kusema ova.

Tulicheka wilaya nzima. Nami nikavimba kichwa, sitaficha. Nilijiona mwalimu hasa, mwenye kujua mila na mwenye kujua utabibu, wa huku na wa kule. Hapo ndipo nilipokosea.

Ilianza na gari kwenda kumchukua mtu asiye mgonjwa. Zahanati moja ilikuwa imesema, "Asha ana hali mbaya, leteni gari," dereva akafika kijijini, akaonyeshwa Asha, akampakia. Asha huyo alikuwa na jino tu, na alifurahi sana kupanda gari. Asha mwenye hali mbaya alikuwa kitongoji cha pili, na tulimwahi kwa bahati. Basi nikatunga kanuni: ukiomba gari, taja jina la mgonjwa, jina la baba yake, kitongoji chake na hali yake, wazi na polepole. Nikaifundisha kwa majuma manne. Nikawakaririsha mmoja mmoja, na aliyeruka kipengele alianza upya.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Aneth wa Ufuta. Alikuwa Mhaya, miaka ishirini na mitatu, muuguzi peke yake katika zahanati ya ndani kabisa, kijiji nisichokitaja kwa heshima ya wenyewe. Alikuwa msafi, hachelewi, anauliza maswali mpaka muda unaisha. Alikuwa amepaka chokaa chumba cha kujifungulia kwa mikono yake, na akina mama walikuwa wameanza kumzoea. Hilo halikuwa jambo dogo, maana kabla yake chumba kile kilihifadhi magunia ya saruji.

Asubuhi moja nikamsikia. "Mnazi, Mnazi, hapa Ufuta. Naomba gari. Mgonjwa ni Mwanaidi," akataja jina la baba yake, akataja kitongoji, "mimba ya kwanza, uchungu umeanza jana jioni, njia haifunguki vizuri. Ova." Hakuruka kipengele hata kimoja. Na mimi, Somoe binti wa Rutamba, nikabonyeza kinasa sauti nikamjibu hewani, wilaya nzima ikisikia: "Vizuri sana, Ufuta. Wengine igeni mfano. Gari linakuja. Ova."

Gari lilipofika, Mwanaidi hakuwepo. Alikuwa amelala nyuma ya ukuta ule ule wa redio na alisikia kila neno. Mama yake alimfunga khanga, wakatokea mlango wa nyuma, wakashika njia ya shambani. Aneth aliwafuata akiwaita, na hakuna aliyegeuka.

Nyinyi mlio wa huku mmekwisha kuelewa. Kwa wale wa mbali nitaeleza. Kwetu, mwanamke akishikwa na uchungu, hatangaziwi. Anajua mama yake, anajua kungwi wake, yaani mwanamke aliyemfunda tangu alipokuwa mwali, na anajua anayempokea mtoto. Mume anaambiwa mtoto akishalia. Watu wanaamini kwamba uchungu ukizungumzwa na wengi, mtoto anafungwa na midomo yao, hatoki. Mimi mwenyewe nilizaa hivyo, watoto wanne. Nilijua haya kama ninavyojua jina langu, lakini kanuni yangu niliitunga nikiwa mezani na fomu mbele yangu, na pale mezani sikumkumbuka mwanamke hata mmoja.

Mwanaidi alijifungua nyumbani baada ya siku mbili. Alipona, na mtoto alipona. Lakini siku mbili ni nyingi, na kijiji kizima kilikuwa na sababu yake tayari. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyeingia chumba cha Aneth. Mwezi wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Waliokuwa wanakwenda kliniki wakaacha. Zahanati za Mbaazi na Mtama nazo zikaanza kupungukiwa, kwa sababu mabenchi yote yalikuwa yamesikia.

Mimi sikujua sababu. Dereva alikuwa ameniambia tu kwamba mgonjwa karudi kwao, na huko kupungua kwa watu nilidhani ni msimu wa kilimo. Kisha dereva mmoja wa lori la korosho akaniletea barua ya Aneth, kwa sababu hakutaka kuyasema redioni. Alikuwa anaomba uhamisho. "Nadhani hawanipendi kwa kuwa si wa kwao," aliandika. "Lakini kabla sijaondoka, naomba unisaidie kwa Salima. Alipasuliwa kwa mtoto wa kwanza, sasa ni miezi minane, na kungwi wake amesema atazalia nyumbani. Kungwi wake ndiye alikuwa kungwi wa Mwanaidi." Nilisoma jina la Mwanaidi, na hapo hapo nikaelewa.

Wauguzi wenzangu hamhitaji kuelezwa, lakini wengine wajue. Mwanamke aliyepasuliwa tumbo la uzazi ana kovu ndani. Uchungu ukimkuta mbali na chumba cha upasuaji, kovu linaweza kupasuka, na likipasuka nyumbani, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hospitali, unampoteza mama na mtoto pamoja. Salima alikuwa amebakiza majuma manne au matano.

Nikaomba ruhusa, nikapanda lori lile lile likirudi. Aneth alitaka twende wote, nikamwambia abaki. Nilimkuta kungwi, Bi Mwanahawa, uani kwake anamenya mihogo. Nikapiga hodi, akanikaribisha bila kuinua macho. Nikamwamkia. Marahaba yake ilichukua muda kufika. Nikauliza habari za hapo, akasema salama. Nikaingojea "ila," mimi mwalimu wa kuingojea "ila," na haikuja. Akamenya ungo mzima. Nikavuta kisu kingine nikamsaidia, na tulipomaliza ndipo akasema.

"Huyo mtoto wa Bukoba mie sina neno naye. Kafika hajui, kafundishwa, kafanya alivyofundishwa. Namtaka aliyemfundisha. Wewe si wa Rutamba?"

"Ndiyo, mama."

"Ulichezwa unyago?"

"Nilichezwa."

"Ulipojifungua wa kwanza, nani alijua?"

"Mama yangu na kungwi wangu."

"Na mumeo?"

"Aliambiwa mtoto ameshalia."

"Enhe. Na wa kwangu, Mwanaidi, kajua nani?"

Nikaanza kuokota maganda ya mihogo.

"Kajuliwa mpaka Miteja," akasema. "Mtu katoka Miteja kaja hapa mnadani, ananiuliza yule binti kazaa? Siku mbili, Somoe. Siku mbili nimemshika mkono, mtoto hatoki, na nje watu wanahesabu."

Muuguzi aliyemo ndani yangu alitaka kusema kwamba mimba za kwanza huchelewa, hata bila redio. Nilimfunga mdomo. Niliona aibu, wajukuu zangu, aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada ya hapo. Mgeni akikosea mila anasamehewa. Mimi nilikuwa nalipwa mshahara kuwafundisha wageni mila. Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa chini, nikamwomba radhi.

"Hukunikosea mimi peke yangu," akasema. "Ulisema mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu. Kwenye hilo lisanduku lako. Lakini jambo lenyewe usilitaje, wala mtoto wangu usimtaje. Umeshamtaja vya kutosha."

"Nitafanya, mama. Na Salima?"

"Salima nitamleta mwenyewe. Siku yake ikifika."

"Mama, yule ana kovu. Ningeomba aje majuma mawili kabla, akae karibu na hospitali."

"Aondoke hapa na furushi lake, majuma mawili, msimu wa korosho, mikorosho inadondosha? Watu watasema kaenda wapi, kutembea? Si ndiyo kutangaza huko?" Akainua ungo. "Nimesema siku yake. Na nikiomba gari, mtu asiniulize kitu."

Sikuweza kumsogeza zaidi ya hapo. Nilirudi nikiwa na nusu ya nilichokifuata, na nusu nyingine ingetegemea gari, barabara na mafuta.

Jumanne saa nane nikabonyeza kinasa sauti. Jaribuni wenyewe kuomba radhi kwa jambo msiloruhusiwa kulitaja. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima, nikaikunja, nikasema hivi: "Hapa ni Somoe wa Rutamba. Nilifundisha jambo ambalo nilipaswa kujua kwamba halifundishwi. Walionifuata hawana kosa, kosa ni langu. Akina mama mlioko kwenye mabenchi na mlioko majumbani, nawaomba radhi. Ova." Kisha nikaachia. Kulikuwa na mikwaruzo tu. Halafu Muhogo akasema, "Umesikika, Mnazi. Ova." Mbaazi akasema. Hata Choroko. Ufuta hakusema kitu, na baadaye nikajua kwamba Aneth alikuwa analia, ilhali wanawake wa kwenye benchi wamemzunguka dirishani.

Tukabadilisha kanuni. Spika zikahamishiwa chumba cha dawa na mlango ukafungwa. Kwa mgonjwa yeyote, muuguzi ataomba gari tu, basi. Hakuna jina wala hali. Daktari wetu wa upasuaji alinikasirikia. "Nitajuaje niandae nini?" Nikamwambia tutaandaa vyote. Dereva ataongozwa na muuguzi mwenyewe, asubiriwe zahanati, na habari ya kina Asha wawili itakwisha namna hiyo. Ni jambo rahisi kabisa, na sikuliwaza kwa sababu sikuwa nimemuuliza mtu.

Barua ya uhamisho ya Aneth ikabaki kwenye droo yangu. Bi Mwanahawa alimwita kwake Jumamosi tatu mfululizo, wakafunga mlango. Sijui alimwambia nini. Nilimuuliza Aneth mara moja, akanijibu, "Sista, hayo si ya redioni." Nilifurahi sana, ingawa roho ilinichoma kidogo.

Nilipofika hapa katika hadithi Rehema aliniuliza kozi ina faida gani basi, kama hata mimi mwenyeji nilikosea. Nilimwambia aisome mpaka mwisho, apate cheti chake, na kila atakapofundishwa jambo kuhusu watu fulani, awatafute hao watu awaulize. Wawe wa kwao au wasiwe. Mimi ningemuuliza mwanamke mmoja tu kabla ya kuikaririsha ile kanuni, Mwanaidi asingepita mlango wa nyuma.

Sasa niwaeleze ya Salima.

Ilikuwa siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. "Mnazi, Mnazi, hapa Ufuta. Tunaomba gari. Ova." Sauti ya Aneth imetulia, kama mtu anayeomba kibiriti kwa jirani. Nilikuwa na kinasa sauti mkononi na kidole kiko kwenye kitufe. Kazi yangu yote ya miaka ile ilikuwa inaniambia uliza. Ni Salima? Umeanza saa ngapi? Damu inatoka? Kovu linauma? Nilijua zahanati sita nyingine zimenyamaza zinasikiliza, kila mmoja akitaka kujua. Huenda ni mtu ameumwa na nyoka. Huenda ni yeye, na ninachelewa kwa ujinga. "Gari linakuja, Ufuta," nikasema. "Ova."

Mafuta yalikuwepo, nilikuwa nimeyafungia kabatini kwa majuma matatu na ufunguo naulalia. Dereva akaondoka. Tukaandaa dawa ya nyoka, tukaandaa chumba cha upasuaji, tukatafuta watu wa kutoa damu bila kuwaambia ni ya nani, maana hatukujua. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Daktari alikuwa anatembea kwenye korido amevaa buti za mpira, kila akinipita ananitazama, na mimi natazama ukuta. Nilisali rakaa zangu za adhuhuri nikasahau nimefika ya ngapi, nikaanza tena.

Saa nane na dakika kadhaa gari likaingia. Mbele, kando ya dereva, alikaa Bi Mwanahawa na furushi mapajani, ameketi wima kama anakwenda harusini. Nyuma kulikuwa na Aneth, na kwenye godoro alikuwepo Salima, macho yamefumbwa, anapumua ameuma meno. Daktari aligusa tumbo lake mara moja akasema, "Ndani, sasa hivi."

Bi Mwanahawa akaingia naye. Nikamzuia mlangoni, akaniuliza, "Ulipozaa watoto wako ulikuwa peke yako?" Nikamvisha gauni la kijani, kofia, na buti za mpira zilizomzidi miguu, nikamweka kwenye kona karibu na kichwa cha Salima, nikamwambia asiguse kitu. Daktari alinitazama juu ya barakoa yake. Nikamwambia, "Tusimuulize kitu, daktari." Akaanza kazi.

Mimi nilitoka, nikamwachia Bi Mwanahawa nafasi. Aneth alikuwa kwenye benchi la korido na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulikaa pamoja. Kwenye chumba cha redio, saa ya somo ilikuwa imepita na Mbaazi alikuwa anaita, "Mnazi, Mnazi," taratibu, halafu Mtama naye, halafu Choroko. Hakuna aliyeuliza habari. Walikuwa wanaita tu.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanahawa alitoka akiburuta zile buti, kofia imemwangukia sikioni, jasho linamtiririka. Aneth akasimama.

"Wote wawili wazima," akasema. "Mtoto kalia." Akanielekeza kwa kidole chumba cha redio. "Haya, Somoe. Sasa kaseme."